Kompyuta ya Pamoja: Nani Alipe, Nani Angoje

Vyuo vya Eldoret na viunga vyake, pamoja na hospitali ya rufaa, vinahitaji kituo kimoja cha kompyuta. Nawataja kwa majina ili isidhaniwe nazungumzia ndoto: Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses, Chuo Kikuu cha Eldoret kule Chepkoilel, Baraton upande wa Nandi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi katikati ya jiji, na Eldoret National Polytechnic. Kituo hicho kiwe na mashine ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuinunua na kuitunza peke yake. Kiwe cha wote, na pasiwe na mmoja wa kukiita chake. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya kale, ya enzi ambapo kompyuta moja ilijaza ukumbi na kulishwa kadi za matundu. Ndiyo, na ninataka turudi huko kwa muda, maana vituo vya enzi hiyo vimetuachia funzo ambalo wauzaji wa seva hawatatupa: mashine huchakaa na kubadilishwa, lakini kituo hufa pale wenyewe wanaposhindwa kukubaliana nani alipe na nani angoje.

Kwa nini chuo chenye hadhi kikubali kutumia kompyuta moja na jirani yake? Katika miaka ya 1950 Mmarekani Herbert Grosch alieleza kanuni iliyokuja kubeba jina lake: ukilipa bei mara mbili kwa kompyuta, unapata nguvu mara nne. Vyuo viwili vikinunua kila kimoja mashine ya dola milioni 1, kila kimoja kinabaki na nguvu yake moja. Vikichanga na kununua mashine ya dola milioni 2, vinapata nguvu nne, mbili kwa kila chuo, kwa fedha zile zile. Hesabu kama hiyo haihitaji hotuba ya ushirikiano. Ndiyo sababu mwaka 1957 MIT ilipofungua kituo chake chenye kompyuta ya IBM 704, siku iligawanywa mafungu matatu: saa nane za MIT, saa nane za vyuo vingine vya New England, na saa nane za IBM wenyewe waliotoa mashine.

Kwenye karatasi mgawo huo ni wa haki kabisa. Sasa tazama ulivyoonekana kwa mwanachama wa mbali. Thomas Kurtz, mwalimu wa hisabati wa chuo cha Dartmouth kilichoko milimani New Hampshire, alikuwa akipanda treni alfajiri kwenda Boston na sanduku la kadi za programu, zake na za wenzake. Akifika anazikabidhi, anasubiri, jioni anarudi na karatasi za majibu. Aliyekosea alama moja katika programu yake alisubiri safari nyingine baada ya wiki mbili. Kurtz na mwenzake John Kemeny walichoka, wakajenga mfumo wao wa watu wengi kutumia mashine moja kwa wakati mmoja kutoka mbali, na tarehe 1 Mei 1964 lugha ya BASIC ikafanya kazi kwa mara ya kwanza. Vitabu huisimulia habari hii kama ushindi wa ubunifu. Mimi naisoma kama barua ya malalamiko: mwanachama alipewa saa zake kwenye mkataba, akanyimwa njia ya kuzitumia, akaondoka. Anayekaa Kesses na kuambiwa huduma iko Nairobi, zaidi ya kilomita 300, anamwelewa Kurtz bila kufafanuliwa.

Kituo nilichokisoma kwa makini kuliko vyote ni kile cha North Carolina, Triangle Universities Computation Center, kilichoundwa mwaka 1965 na vyuo vikuu vitatu: Duke, University of North Carolina na North Carolina State. Walisaidiwa na Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani, wakanunua IBM System/360 Model 75, moja ya mashine kubwa za wakati huo, na hawakuiweka katika chuo chochote kati ya vitatu. Waliiweka Research Triangle Park, katikati yao. Kila chuo kilibaki na kompyuta ndogo ya familia ile ile, iliyounganishwa na kubwa kwa laini ya simu, kiasi kwamba mwanafunzi wa Durham alikabidhi kazi yake Durham na kuchukua majibu Durham. Kulikuwa pia na mpango wa kuvifikia vyuo vidogo vya jimbo zima, ambavyo vingine havikuwa vimewahi kuona kompyuta. Vilipelekewa mashine za kuchapa zilizounganishwa kwa simu, pamoja na watu wa kuwafundisha walimu. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika katika mipango yetu. Tunanunua chuma, na mafunzo tunayaachia semina ya siku mbili hotelini.

Kituo hicho kiliishi robo karne na kufungwa mwaka 1990. Maelezo ya kawaida ni kwamba kompyuta ndogo zilikiua. Ni kweli nusu. Kompyuta ndogo zilivunja kanuni ya Grosch, na baada ya hapo mashine kubwa haikuwa tena na ubora kwa kila dola. Lakini namna kituo kinavyokufa ina utaratibu wake, nao unafanya kazi hadi leo popote watu wanapochangia kitu ghali. Chukua kituo cha kubuni kinachogharimu shilingi milioni 30 kwa mwaka, kiwe kinatumika sana au kidogo. Umeme, wataalamu na matengenezo havingoji wateja. Wanachama watatu wanalipa milioni 10 kila mmoja. Idara moja tajiri katika chuo cha kwanza inapata ruzuku, inanunua mashine yake, na chuo hicho kinaacha kuchangia. Gharama haikupungua hata senti. Wawili waliobaki wanaandikiwa milioni 15, wanalalamika kwamba kituo ni ghali, na wa pili anaanza kutafuta mlango. Hakuna aliyefanya kosa. Kila mmoja alifanya uamuzi wa busara kwa fedha zake, na kituo kikafa kwa jumla ya busara hizo. Kinga yake ni moja tu niijuayo: watu walipie kuwepo kwa kituo, kwa ada ya kudumu, na sehemu ndogo tu ya malipo itokane na matumizi.

Sisi wa Afrika Mashariki tumewahi kuliona jambo hili likitokea kwa kitu kikubwa kuliko kompyuta. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizinduliwa mwaka 1963, Mwalimu Nyerere akiwa Chansela, kwa mantiki ile ile ya Grosch: masomo ghali yasirudiwe mara tatu. Udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kufikia 1970 kilikuwa kimevunjwa na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Siilaumu siasa peke yake. Nchi iliyotaka wahandisi wengi zaidi haikuwa na njia ndani ya mkataba ya kupata nafasi zaidi kwa kulipa zaidi, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kujenga kitivo chake. Kwa hiyo wakati Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha taasisi yake ya kompyuta mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilisambaratika, hakukuwa na mtu wa kuuliza kama Makerere wangependa saa nane.

Chuo Kikuu cha Moi kilizaliwa mwaka 1984 katika mazingira hayo, kila taasisi ikijitegemea, kufuatia mapendekezo ya tume ya Mackay. Kilizaa na kulea vingine: Maseno na Masinde Muliro vilianza kama vyuo vishiriki vyake, na Chepkoilel iliyokuwa kampasi yake ikapata hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret mwaka 2013. Kila mtoto aliondoka nyumbani na kuanza upya kununua seva, leseni, jenereta na viyoyozi. Ukoo mmoja, majiko manne.

Hata hivyo tunao mfano wetu uliofanikiwa, na ni ajabu jinsi tunavyousahau kwa sababu unafanya kazi. KENET, mtandao wa vyuo vya Kenya, iliundwa mwaka 1999 kama wakfu wa taasisi za elimu ya juu na utafiti, kwa msaada wa awali wa shirika la USAID. Kitu ghali wakati huo hakikuwa kompyuta tena. Kilikuwa njia ya kutoka nje ya nchi. Kabla ya mwaka 2009 hakukuwa na kebo ya baharini ya intaneti iliyogusa pwani ya Kenya, na vyuo vilinunua mawasiliano ya setilaiti. Vyuo kadhaa vya Afrika vilipoungana katikati ya muongo ule kununua kwa pamoja, bei waliyojivunia baada ya kupunguziwa bado ilikuwa zaidi ya dola 2 kwa kilobiti moja kwa mwezi. Fanya hesabu kwa megabiti moja, kisha ukumbuke kifurushi ulichonacho nyumbani leo. SEACOM na TEAMS zilipofika mwaka 2009, mjumbe mmoja alikuwa tayari amesimama kuzungumza na wauzaji kwa niaba ya wote, na chuo kidogo kikapata bei ambayo peke yake kisingeota kuidai. KENET ina bodi ya wadhamini, wanachama wanalipa, na haimilikiwi na chuo kikubwa kuliko vingine ingawa ofisi zake zimo ndani ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa upande wa utawala, ni kile kituo cha North Carolina kimezaliwa upya, safari hii kikigawa njia badala ya mashine.

Yanayosemwa na yasiyo sahihi

Hoja ya kwanza ninayokutana nayo ni kwamba kugawana ni dawa ya maskini, na chuo kinachojiheshimu kina mashine yake. Duke haikuwa maskini mwaka 1965. Uingereza ilipotafakari kompyuta za vyuo vyake, ripoti ya Flowers ya mwaka 1966 ilipendekeza vituo vya kikanda London, Manchester na Edinburgh. Afrika Kusini, nchi yenye vyuo tajiri kuliko vyetu, iliweka kituo chake cha taifa cha kompyuta zenye nguvu Cape Town mwaka 2007, na watafiti wa vyuo vyake vyote hupanga foleni humo. Na kwa kuwa nimewataja Duke: wao ni miongoni mwa washirika wa AMPATH, ule muungano wa hospitali na vyuo unaofanya kazi hapa hapa jijini. Ukitaka kujua jinsi vyuo vitatu vyenye wivu vilivyotumia mashine moja, warithi wao tunapishana nao kwenye barabara ya Nandi.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Kompyuta zimekuwa rahisi, kila mwanafunzi ana kipakatalishi, na anayetaka nguvu zaidi akodi wingu la kampuni za ng'ambo. Kwa kazi nyingi hilo ni kweli na sina ugomvi nalo. Barua pepe za chuo hazihitaji kituo cha pamoja. Lakini kanuni ya zamani imerudi kupitia mlango mwingine. Kazi za akili unde, uchanganuzi wa jeni na uigaji wa hali ya hewa zinataka kadi za GPU, na seva moja yenye kadi nane za daraja la juu huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Idara moja ikijikaza ikainunua, itaitumia kwa nguvu wiki chache kisha itanguruma bure hadi mtafiti mwingine apate data. Ukiweka idara kumi kwenye foleni moja, mapengo ya mmoja yanajazwa na mwingine, na mashine ile ile inafanya kazi ambayo vinginevyo ingehitaji tatu au nne. Faida sasa inatokana na kuepuka mashine kukaa bure. Wakulima wa ngano wa Moiben walijua hili zamani: wachache sana hununua kombaini, wengi hukodi, na ugomvi wote hutokea wiki ambayo mashamba yote yameiva pamoja. Hapo ndipo mkataba unapimwa, na nitarudi kwenye wiki hiyo.

Kuhusu wingu la ng'ambo, malipo yake ni kwa dola, kila mwezi, na bajeti zetu ni za shilingi, zinazochelewa. Ruzuku ikiisha, akaunti inafungwa na kazi inapotea. Halafu kuna suala la data ya wagonjwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023, na mtafiti wa hospitali ya rufaa hawezi kupakia faili popote apendapo.

Wengine huniambia watu wetu hawana uwezo wa kuendesha kitu cha namna hiyo. Hili hunikera. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya Kapsabet, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta kupitia kazi ya pamoja ya Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana. Mfumo huo ulikuwa umeandikwa kwa Microsoft Access, na wagonjwa wa Ukimwi walipoongezeka ukaanza kulemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa taasisi ya Regenstrief walikuja Eldoret, wakaona mzigo uliokuwa unakuja, na muundo wa OpenMRS, mfumo mpya wa rekodi za wagonjwa, ukaanza kuchorwa. Februari 2006 ulianza kutumika hapa kabla ya mahali pengine popote, na leo uko katika nchi nyingi duniani. Ukiutazama vizuri, ule ni mfumo wa pamoja unaohudumia kliniki nyingi za magharibi mwa Kenya, unaoendeshwa kutoka jiji letu kwa miaka mingi. Mahitaji mengine yapo pia: Moi ina kituo cha umahiri cha fitokemikali, nguo na nishati jadidifu kilichofadhiliwa na Benki ya Dunia, na Chuo Kikuu cha Eldoret kina wanasayansi wa kilimo wanaohitaji kuchambua jeni za mimea. Wote hao wanagonga ukuta ule ule wa mashine.

Mwisho kuna wanaosema KENET imemaliza kazi, kwa nini tuunde chombo kingine. Nakubali nusu. Kituo cha Eldoret kisijaribu kuwa mtandao wa pili. Kipite juu ya nyaya za KENET, kitumie utambulisho wao wa watumiaji, na nakala ya pili ya data ihifadhiwe mbali, Nairobi au Konza. Lakini chombo cha taifa kinahudumia taifa. Mtafiti wa hapa anahitaji mtu wa kumkalia jirani na kumwonyesha kwa nini programu yake inakwama, na mtu huyo awe hapa.

Mkataba kabla ya zabuni

Ningeanza na mahali. Mashine isiwekwe Kesses wala Chepkoilel. Mwenyeji huanza kwa kutoa chumba na kuishia na ufunguo, na mwenye ufunguo ndiye anayeamua nani aingie wikendi. Nimeona maabara ya ufadhili, iliyokusudiwa taasisi tatu, ikawa ya taasisi moja kwa sababu tu kufuli lilinunuliwa na ofisi ya mwenyeji. Kitafutwe kiwanja cha kati jijini, chenye laini mbili za umeme na jenereta. Hali ya hewa inatusaidia: tuko mita kama 2,100 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya mwaka hewa ya nje inaweza kupoza seva kwa gharama ambayo Mombasa wataionea wivu.

Fedha ziwe za aina mbili. Kila mwanachama alipe ada ya kudumu kulingana na ukubwa wake, iandikwe kwenye bajeti kama umeme na maji, na hiyo ilipie gharama zote za kuwepo. Juu yake, anayetumia kuliko fungu lake alipe nyongeza ndogo, ili anayetaka zaidi apate njia ndani ya mkataba badala ya kujenga kitivo chake kando. Kutoka siku ya kwanza, sehemu ya ada itengwe katika akaunti ya kununua mashine inayofuata, kwa sababu hii ya kwanza itakuwa kikongwe baada ya miaka mitano. Wafadhili hufurahia kukata utepe. Sijamwona anayerudi mwaka wa sita. Najua pia hali ya madeni ya vyuo vyetu vya umma, na kwamba mhadhiri ambaye mshahara wake umechelewa hatapendezwa na habari za GPU. Ndiyo sababu ada isitegemee huruma ya mkuu wa fedha. Ruzuku yoyote ya utafiti inayoingia katika chuo mwanachama ikatwe asilimia iliyokubaliwa kabla haijagawanywa.

Kisha ile wiki ya mavuno. Miezi ya kuwasilisha tasnifu, kila mtu atataka mashine leo. Foleni iendeshwe na programu yenye kanuni zilizochapishwa, ambayo haimtambui profesa wala mwana wa waziri. Aliyetumia kidogo mwezi uliopita atangulie. Fungu fulani, tuseme sehemu moja ya sita, lisiguswe na vyuo vikubwa kabisa. Libaki kwa polytechnic na vyuo vidogo, hata kama siku nyingine litalala bure. Kulala bure kwa fungu hilo ni bei ya kumzuia Kurtz wetu asichukue treni.

Watu ni sehemu ngumu zaidi. Kila mwanachama awe na angalau mtaalamu mmoja anayekaa kwenye kampasi yake, anayelipwa na kituo, na kazi yake iwe watumiaji, siyo mashine. Uenyekiti wa bodi uzunguke kila baada ya miaka miwili, na naibu chansela wa chuo kikubwa asiwe mwenyekiti wa kwanza.

Mkutano wa kwanza wa waanzilishi usiguse aina ya mashine hata kidogo. Uandike ibara ya kujitoa: anayeondoka atoe notisi ya miaka miwili, aendelee kulipa katika kipindi hicho, na asidai kurudishiwa alichochanga kwenye akaunti ya mashine inayofuata. Ibara hiyo itiwe sahihi na manaibu chansela wenyewe, siyo na maofisa wao wa ununuzi, na tangazo la zabuni lingoje hadi sahihi ya mwisho ikauke.